Lenga-lenga za Kwenye Ndoo

Baridi ikishaisha, kabla ya mvua, duka la jirani hutoa nje magunia ya samadi. Harufu yake hunirudisha kwenye ule ua wa mtaa wa La Rochelle, huku kusini mwa Afrika, tulikopanga chumba.

Mama alipanda lenga-lenga, mchicha wa kwetu, kwenye ndoo tu. Papa ndiye aliyezitoboa chini kwa msumari wa moto, maji yasituame. "Siku ya kurudi Congo," mama alituambia kila mwaka, "tutazipakia kwenye gari hivi hivi."

Asubuhi moja nilimkuta amepiga magoti uani, anamwaga ndoo moja baada ya nyingine na kuchanganya udongo wake na ule mwekundu wa pale, apande lenga-lenga ardhini. Papa akatoka na kikombe cha chai.

"Sasa tukirudi nyumbani, hiyo tutaibeba namna gani?"

Mama hakuinua kichwa. "Niletee maji, Papa."

Papa alisimama mpaka chai ikapoa. Kisha akaokota ndoo mojawapo, akaijaza bombani, akaja nayo. Maji yakamchuruzikia viatuni njia nzima, kupitia matundu aliyoyatoboa mwenyewe.

Hakuna aliyecheka.