Aliyetangulia Kusema

Watu hunisifu kwamba katika miaka yangu yote ya biashara sikutozwa faini hata mara moja. Nami hunyamaza, wakanidhania mnyenyekevu. Unyenyekevu gani! Sikutozwa kwa sababu niliwauza wenzangu, na mmoja wao alikuwa amekula kwangu jana yake. Nimechoka kusifiwa. Anayetaka kunichukia baada ya kusoma haya, ruksa.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Reli ya Mwanza ilikuwa imeshapita Isaka na Shinyanga, na huko Geita dhahabu ilikuwa imeanza kuwatia watu wazimu. Samli ya Usukuma ikapata soko kila upande, nyingine ikipanda treni, nyingine ikienda kulisha makambi ya wachimbaji. Katika gulio letu, mwendo wa nusu siku kutoka Shinyanga mjini, tulikuwa wanunuzi wanne wenye leseni. Wawili walikuwa ndugu wa tumbo moja waliotoka pwani. Wa tatu alikuwa mtu wa Tabora, rafiki yangu wa chanda na pete, aliyekuwa ameoa binti wa Kisukuma palepale kijijini. Wa nne mimi.

Njama ile niliitunga mimi. Zamani kidogo nilikuwa nimefanya kazi Uganda kwa wanunuzi wa pamba, nikaona jinsi walivyokunywa chai pamoja asubuhi na kupatana bei kabla mkulima hajatua mzigo. Serikali ya huko ilipowashika ikawatoza faini, walicheka. Walilipa, na wiki iliyofuata wakaichukua faini yao kwa wakulima walewale. Kisumu nako nilisikia habari hiyohiyo, ila huko yule aliyewataja wenzake aliachiwa akaenda zake. Nikayaweka yote kichwani.

Mpango wetu ulikuwa hivi. Mama akija na kibuyu chake cha samli, mnunuzi wa kwanza anamtajia bei tuliyopatana. Akikataa akamwendea wa pili, wa pili anafungua kibuyu, ananusa, anakunja uso. "Mayo, mama yangu, hii inanuka moshi." Anataja senti chache chini ya zile za kwanza. Wa tatu anatikisa kichwa tu, hataki hata kuionja. Mama wa watu ametoka kwake alfajiri, jua limempiga, arudi nayo wapi? Anarudi kwa yule wa kwanza, tena kwa aibu, na akilipwa anashukuru.

Sasa, mpishi wa samli aliyewashinda wote alikuwa mama mkwe wa rafiki yangu. Samli yake ilinukia mpaka nje ya kibuyu. Kwa adabu za huko mtu hasimami na mama mkwe wake kubishana bei, hata kumtazama usoni hathubutu, kwa hiyo rafiki yangu alikuwa akimwelekeza kwetu. Siku moja akanijia kibandani, sauti ya chini.

"Yule mama mwacheni, ndugu yangu. Mpeni haki yake. Yeye peke yake."

Nikamkaripia. "Ebo! Ukimhurumia mmoja leo, kesho gulio zima litajua. Umeingia au hukuingia?"

Akarudi zake. Siku ileile mama yule aliponijia, nilinusa samli yake mbele ya watu nikasema imevunda. Nilisema kwa sauti, ili na rafiki yangu asikie. Alikuwa kwenye kibanda chake, macho chini, akifunga na kufungua kifuniko cha debe. Nilisikia baadaye kwamba mama alipofika nyumbani alivunja vibuyu vyake viwili vya kusukia maziwa, akidhani ndivyo vyenye kasoro.

Mambo yalifichuka kwa njia nyepesi kabisa. Kijana mmoja wa kijijini alirudi kutoka machimboni Geita, akamkuta mama yake analia kwamba samli yake inanuka. Akaangua kicheko. Akawaambia akina mama kuwa samli hiyohiyo inayonuka kwetu, kule watu wanaigombea, na bei yake akaitaja. Kesho yake akina mama walijaa barazani kwa mtemi, vibuyu vichwani, na hawakuondoka mpaka aliposema neno.

Mtemi akatuita wote wanne. Hakupiga kelele. Alisema anajua kuna njama na tayari amezungumza na bwana shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, bomani. "Atakayetangulia kuja kuniambia kweli yote, huyo simtozi kitu, na leseni yake atabaki nayo. Waliobaki, kila mmoja ng'ombe watano, na leseni zinarudi boma. Nawapa siku tatu."

Tulipotoka pale tuliapa kutosema. Shauri lilikuwa jepesi: wote wakifunga midomo, mtemi hana cha kushika. Ndugu wale wawili waliapa, mimi nikaapa, na rafiki yangu akaapa akiangalia pembeni.

Siku ya pili mchana akaja kwangu. Mke wangu alikuwa amepika wali, tukala. Alipokwisha kunawa akasema hawezi tena. Usingizi haumpati, mkewe ameshaanza kumuuliza, na ng'ombe alionao ni sita tu, waliobaki baada ya mahari. "Nataka kwenda kwa mtemi leo hii. Lakini sitaki kukuacha. Twende mimi na wewe, tuseme kwa mdomo mmoja, labda atatusamehe wote wawili."

Wallahi, mpaka leo nikikumbuka neno lile, "sitaki kukuacha", roho inanisuta. Nikamshika bega. Nikamwambia asiwe na papara, mtemi anatutisha tu. Tungoje mpaka siku ya mwisho, tukiona mambo yamekaza tutakwenda pamoja. Nilimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, naye akaniamini. Alinishukuru hata, akaniambia moyo wake umetulia kidogo.

Asubuhi yake, hata chai sikunywa, nilikuwa kwa mtemi. Nilisema yote. Ila nilisema "tulikubaliana", sikusema "nilianzisha". Mtemi akaniuliza ni nani waliokuwa wakinusa samli za watu na kuzikashifu. Nikawataja wote watatu. Nikamtaja na rafiki yangu, ambaye sikumwona akinusa kibuyu hata kimoja. 

Ndugu wale wawili walilipa ng'ombe wakarudi pwani wakitukana. Walikuwa na uwezo. Rafiki yangu aliswaga ng'ombe wake watano mpaka kwa mtemi, watu wakimwangalia, wakwe zake wakiwemo. Sasa kila mtu alijua kwamba alikuwa amekaa kimya mama wa mkewe akidhalilishwa. Hakujitetea. Hata jina langu hakulitaja, na angeweza. Lahaula! Laiti angenitukana.

Bila leseni hapakuwa na kazi, akaamua kwenda Geita kuchimba. Siku ya kuondoka alipitia kwangu na mfuko wake begani. Nilijiandaa kwa ugomvi, nikasimama mlangoni nimekaza uso. Ala, kumbe hakuja kugombana.

"Sasa mnunuzi umebaki peke yako," akasema. "Nakuomba kitu kimoja tu. Yule mama akileta samli, mpe bei yake ya haki. Na umwambie mimi ndiye niliyekuagiza, na kwamba ninamwomba radhi. Mwenyewe siwezi kumwambia, unajua desturi."

Nikamwambia, "Nakuahidi." Nilimpa mkono kabisa. Akaenda zake kwa njia ya Masumbwe, na sikumwona tena.

Gulio lililofuata mama alikuja, katika kundi la akina mama wengi. Njama ilikuwa imevunjwa kwa hukumu ya mtemi, na katika gulio zima kilikuwa kimebaki kibanda kimoja, changu. Aliinama kidogo, akanisalimu, "Mwangaluka, baba," akaweka kibuyu mbele yangu. Nilifungua. Ilinukia kama siku zote. Hakuna aliyenishurutisha, hakuna niliyemwogopa, na wa kupatana naye hayupo. Nikamtajia bei ileile ya zamani.

Hakubisha. Alipokea senti zake, akazifunga kwenye pindo la nguo. Kisha akaniuliza, huku akitazama chini, kama mkwewe alipopita kwangu alimwachia neno lolote.

Nikamwambia hapana, hakuacha neno.