Ng'ombe Aliyeamka Kama Punda

Jirani akiuliza Hezekia yuko wapi, mzee Nyangwine hujibu, "Yumo ndani, anacheza." Mwanamume wa miaka thelathini na minane, ana mke na watoto, eti anacheza! Neno hilo la baba yake lilimchoma kila siku.

Hezekia anatengeneza katuni, pale pale kijijini kwao Mbalibali. Hakusomea popote. Alijifunza kwenye simu, kwa video za Mhindi mmoja ambaye naye hakusomea, anayechora filamu zake peke yake chumbani. Maneno ya yule Mhindi hakuyaelewa hata moja. Aliufuata mkono tu. Hubandika karatasi kwenye kioo cha dirisha, juu yake nyingine, achore mguu ule ule umesogea kidogo. Kisha huzipiga picha kwa simu na kuziunganisha kwenye kompyuta. Picha kumi na mbili, sekunde moja imeisha. Karatasi ni za mitihani ya zamani, mwalimu Eugenia humpa, naye huchora upande wa nyuma.

Katuni ya Madoa, ng'ombe aliyewapa maziwa mwaka ule wa ukame, ilimla miezi minane. Aliitengeneza ili mtu mmoja tu aikubali, baba yake.

Jumapili baada ya ibada akawasha kompyuta. Madoa akalala, Madoa akaamka. Mzee akacheka mpaka akakohoa.

"Huyo si Madoa. Huyo ni punda!"

"Kwa nini, baba?"

"Ng'ombe gani anaamka kwa miguu ya mbele? Si umechunga wewe, miaka kumi?"

Loo, aibu iliyoje! Ng'ombe huinua matako kwanza, hata mtoto wa chekechea wa Mbalibali anajua. Hezekia alikuwa amemwiga farasi wa filamu za yule Mhindi, anayeamka kama punda, akamvika ngozi ya Madoa. Siku hiyo alilia, tusifichane.

Lakini mficha uchi hazai. Asubuhi alimfuata mzee zizini na kalamu yake.

"Shikamoo baba. Naomba unionyeshe."

"Marahaba. Haya, tazama."

Mzee akamgusa ng'ombe kwa fimbo, naye ng'ombe akainuka upesi mno. Wa pili naye hivyo hivyo, kalamu haijagusa karatasi. Mzee akasonya, akatupa fimbo. Akapiga magoti kwenye samadi, magoti yale yale yanayomnyima usingizi, akashika chini kwa mikono. Akainua makalio polepole, akatulia, kisha mkono mmoja, kisha wa pili.

"Umeona?"

"Baba, utaumia."

"Chora, nimesema!"

Alirudia mara tisa.

Wiki mbili zilizofuata Hezekia hakutoka dirishani, anachora upya kuamka kwa Madoa. Siku moja akamsikia jirani yao, Mama Robi, anapiga hodi uani.

"Shikamoo mzee. Hezekia bado anacheza tu?"

"Marahaba. Nani anacheza?" Mzee alikuwa mkali. "Mwanangu yuko kazini. Kaa hapo umsubiri."