Vidonge vya Kabambare

Mume wangu alikuwa dereva wa kamyo, lori la kubebea pamba, kati ya Kasongo na Kabambare, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji. Alikuwa mtu mwenye mwili, asiyeugua ovyo. Kwa hiyo dereva mwenzake alipofika nyumbani kwetu Kasongo, akakataa kukaa, nilimuuliza mume wangu yuko wapi kabla hajasema neno. Alisema mume wangu amelazwa kwenye disipanseri ya Kabambare na anakojoa damu.

Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Mavyaa yangu, mama yake mume wangu, alifunga kikwembe chake na tukapanda kamyo ya yule dereva. Njiani yeye alikuwa akisoma dua kwa sauti ya chini, mimi nilishika tumbo kila gurudumu lilipoingia shimoni. Tuliposimama kijijini Wamaza kupakia magunia, wanawake walioleta mihogo waliuliza tunakwenda wapi. Walipojua, mmoja alituonya kuwa munganga mzungu, daktari wa huko, anachota damu ya watu kwa sindano, na kwamba labda ni mutumbula, yaani mmoja wa wale waliosemwa kuwa wanawakamata watu na kuwapelekea Wazungu. Niliwahi kuyacheka maneno hayo. Siku hiyo sikucheka.

Tulimkuta amelala ubavu. Macho yalikuwa ya manjano, na viganja vyake, vilivyokuwa vigumu kwa usukani, vimekuwa vyeupe kama vimelowekwa. Chini ya kitanda palikuwa na beseni. Niliinama kulivuta nikamwage, nikadhani mtu amesahau kahawa yake humo.

Alitueleza polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache. Homa ilikuwa imempata njiani. Pale disipanseri walimpa vidonge vipya vya malaria, akavimeza siku mbili, ya tatu mkojo ukageuka.

Mavyaa hakutaka kusikia zaidi. Aliniambia tumbebe, tumrudishe Kasongo, kwa sababu waliomtia sumu hawawezi kumponya. Tulikuwa tunamwinua alipoingia munganga, Mbelgiji mrefu aliyezungumza Kiswahili cha kuokotaokota, pamoja na muuguzi wake, Mubangubangu, mtu wa kabila la hapohapo. Munganga hakutufokea. Alisema amekwisha kukataza vile vidonge. Kisha akauliza jambo lililotushangaza: je, upande wa mama wa mgonjwa, kuna mwanamume aliyewahi kupatwa na hali hii?

Mavyaa alisema kwamba ndugu yake, aliyekuwa askari, alikufa kambini baada ya kupewa dawa ya homa, na waliomwosha walisema mkojo wake ulikuwa mweusi. Miaka yote hiyo aliamini ndugu yake alirogwa.

Munganga aliitikia kwa kichwa, akatoa sindano. Alitaka damu kidogo ya kuchunguza. Mavyaa alimshika mkono.

"Damu yake imekwisha," alisema. "Na wewe bado unachukua?"

Muuguzi alimbembeleza kwa muda mrefu. Alimweleza kuwa ndani ya damu kuna chembe nyekundu, na kila chembe imefunikwa na utando mwembamba wa mafuta. Ile dawa, kwa watu wengine haina neno, lakini kwa watu wachache inaharibu mafuta hayo kama jua linavyoharibu mawese yaliyoachwa wazi, na chembe zinapasuka. Mavyaa hakuamini, lakini aliachilia mkono. Mimi sikujua niamini nini. Nilikuwa nawaza juu ya mtoto tumboni, kwamba damu ya baba yake imo ndani yangu.

Baada ya siku chache mkojo ulianza kupauka. Tukapumua. Kisha homa ikarudi, kali kuliko ya kwanza, na muuguzi akaja na kikombe cha maji na vidonge vyeupe. Alisema hivi ni vingine, munganga mwenyewe ameviruhusu. Mavyaa aliondoka akaenda kusimama uani. Mume wangu hakumtazama muuguzi. Alinitazama mimi, ambaye tangu nishike mimba alikuwa akiniita Mama.

"Mama, ninywe?"

Hakuwahi kuniuliza jambo kubwa hivyo. Meno yake yalikuwa yanagongana. Niliona kwamba akivikataa homa itamuua, na akivimeza huenda nikawa mimi niliyemuua. Nilitaka mtu mwingine ajibu, lakini hapakuwa na mtu.

"Kunywa," nilisema, nikamshikia kikombe.

Alikunywa. Nilikaa sakafuni kando ya beseni. Kila alipokojoa, nilipeleka beseni dirishani na kuliinamisha juani nione rangi. Rangi haikuzidi. Homa ilishuka. Ilipofika kesho yake alasiri aliomba bugali, na mavyaa, aliyekuwa hajala tangu jana yake, ndiye aliyeusonga.

Tulirudi naye Kasongo amekonda. Alichelewa sana kushika usukani tena. Mimi nilizaa msichana.

Binti huyo alikuja kusomea uuguzi, na ndiye aliyenieleza yaliyobaki. Alisema kasoro hiyo ya damu baba hampi mtoto wa kiume, humpa binti, na binti anaweza kumpa mwanawe. Alisema pia kwamba utando ule wa mafuta haukai tu ukingoja kuharibiwa. Yamo mafuta mengine yanayotangulia kupokea pigo, yakaharibika yenyewe ili mengine yasalimike, na ndani ya chembe kuna kinga nyingine inayosaidia. Kwa watu kama baba yake ile kinga ya ndani ni dhaifu, ikiisha mafuta hayawezi kushindana peke yake.

Nilimsikiliza nikamwelewa. Lakini yeye ana watoto wawili wa kiume, na mmoja wao akishikwa na homa, elimu hiyo yote hainisaidii. Namuuliza muuguzi jina la kila kidonge, nalirudia mpaka anachoka nami. Halafu nangoja mtoto akojoe, nami nafuata nyuma yake nikatazame.