Kidonge cha Yusrah Mwezi wa Ramadhani

Yusrah binti Abubakari alipanga chumba kwangu Mikumi alipoanza chuo. Mtoto wa wakulima wa Chanzuru, mpole, ila mcheshi. Kila asubuhi ni shikamoo, kisha ananiuliza kama jogoo wangu naye anasoma chuo, mbona anawahi kuliko wanafunzi.

Mwaka wa pili ucheshi ukakatika. Chakula hali, haogi, darasani haendi. Akaenda mwenyewe hospitali Kilosa, akaambiwa ana sonona, ugonjwa wa huzuni isiyoondoka. Daktari alimweleza njia zote: vidonge, kuzungumza na mshauri, au vyote pamoja, na taabu za kila njia. Akachagua vyote. Miezi miwili baadaye nikamsikia uani anamtania jogoo.

Ramadhani ikaingia. Asubuhi nikamwona anameza kidonge. Nikamwita jikoni, nikamwambia kwa upole, na upole ule ndio unaoniuma mpaka leo: "Mwanangu, umeshapona. Funga mwezi wako, vidonge viache. Swaumu yenyewe ni dawa."

Akasema daktari alimwonya asiache ghafla. Nikamjibu kwamba daktari naye ni binadamu. Akanitii, kwao mkubwa habishiwi.

Angekuwa na malaria ningempikia uji mwenyewe, maana mgonjwa ana ruhusa ya kula. Huu wake sikuuhesabu ugonjwa, kwa kuwa hauna homa.

Kumi la kwanza halijaisha, akashikwa na kizunguzungu na kilio, usingizi hakuna. Mitihani ikampita amejifunika shuka. Baba yake akaja kumchukua. Hakunilaumu, afadhali angenilaumu. Nikawasindikiza hadi hospitali Kilosa. Daktari akasema kidonge ni kimoja kwa siku. Tungekwenda kumuuliza, angempangia akimeze baada ya futari.

Sasa Yusrah anarudia mwaka, wenzake wamemtangulia. Amepanga kwingine. Juzi, katika Ramadhani hii, alinipitia jioni, akaketi jikoni palepale.

Nikamuuliza, "Daktari anasemaje safari hii?"

Akanitazama. "Mama, mwaka jana hukuniuliza."

"Sikukuuliza, mwanangu. Nisamehe."

Akanieleza habari za dawa yake taratibu, nami nikasikiliza mpaka adhana. Nikamsogezea tende na maji. Akala, akatoa kidonge mkobani, akakimeza mbele yangu, kisha akaaga kurudi kwake.