Moshi wa Mafuta ya Watoto

Mume wangu ni dereva wa watalii. Anawashusha kreta ya Ngorongoro asubuhi, anawarudisha jioni, na katika kazi hiyo mtu hupewa vitu vya kila namna. Nimeshaletewa darubini yenye jicho moja, buti za mguu mmoja mkubwa kuliko mwingine, na kofia ambazo hakuna kichwa hapa Karatu kinachozistahili. Kwa hiyo aliposhuka garini na boksi kubwa mikononi, nilimfungulia mlango nikarudi kwenye cherehani yangu bila kuuliza.

Boksi lilitoka kwa mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa na nyumba ya wageni huko juu kwenye mashamba ya kahawa. Alikuwa anarudi kwao kuzeeka karibu na watoto wake, na vitu alikuwa anavigawa. Waliowahi walichukua friji, magodoro na vyombo. Mume wangu alifika wa mwisho, akakuta boksi moja ambalo kila mtu alilifungua na kulifunga.

Ndani mlikuwa na treni. Kichwa cheusi kirefu kama kiganja changu, mabehewa manne ya rangi ya damu ya mzee, vipande vya reli, na transfoma nzito yenye kitufe cha kuzungusha.

Mimi ni Mwiraqw wa Mbulumbulu. Nimekulia kati ya ngano na maharage, na treni nilikuwa nimeiona kwenye kitabu cha shule tu. Mume wangu naye amezaliwa hapa hapa. Katika nyumba yetu mtu mmoja tu ndiye aliyeijua treni, naye alikuwa ameketi kwenye kochi, miguu yake juu ya kigoda, akitutazama tukiunganisha reli sakafuni.

Huyo ni mama mkwe wangu. Alizaliwa Saranda, kwenye reli ya kati, akaja huku akiwa bibi harusi, kuchuma kahawa pamoja na mume wake. Tunaishi naye tangu miguu ilipoanza kumsumbua. Ni mtu wa maneno machache. Nikimpelekea chakula husema asante, anaonja, kisha anauliza nani kapika, ingawa anajua fika kwamba humu ndani mpishi ni mimi.

Tulizungushia reli makochi, tukaipitisha chini ya meza yangu ya ushonaji, maana sebule ndiyo karakana yangu pia. Mume wangu akazungusha kitufe. Treni ikastuka, ikaenda, ikafika chini ya cherehani, ikasimama. Akaisukuma kwa kidole. Ikaenda, ikasimama tena kwenye kona.

"Hii nini?" mama mkwe aliuliza.

"Treni, mama."

"Naona ni treni. Moshi wake uko wapi?"

Mume wangu alicheka. "Mama, hii ni ya kuchezea."

"Treni isiyo na moshi ni mabasi yaliyoshikana mikia," alisema, akaomba chai yake.

Siku mbili hivi treni ililala chini ya kochi. Mume wangu alikuwa ameshaihukumu. "Imechoka hii. Ndiyo maana waliiacha." Lakini mimi kitu kikisimama bila sababu hunikera. Wateja wangu wengi huniletea cherehani zao wakisema zimekufa, kumbe zina njaa ya mafuta tu. Basi mchana mmoja, nguo za mteja zikiwa zimeisha, nilikichukua kile kichwa cha treni, nikakilaza chali juu ya taulo.

Nilicheka peke yangu. Chini ya tumbo lake mlikuwa na kiota. Kuna nywele, kuna manyoya ya zulia la yule mama wa Kizungu, na juu yake nyuzi zangu mwenyewe, nyekundu na za bluu, zilizookotwa sakafuni katika ile safari fupi ya siku ya kwanza. Zilikuwa zimejiviringisha kwenye vyuma vya magurudumu kama zinavyojiviringisha chini ya bobini ya cherehani. Nikachukua kibano, nikazitoa moja moja. Magurudumu yalikuwa na ukoko mweusi. Umeme wa treni ile hupanda kutoka kwenye reli, unapita magurudumuni, ndipo unaifikia mota. Sasa ukoko ukikaa katikati, umeme utapita wapi? Nikasugua kwa pamba na spiriti mpaka chuma kikang'aa. Grisi ya kwenye gia ilikuwa imekauka kama ubani wa kutafuna. Nikaikwangua, nikatia tone la mafuta ya cherehani. Mwisho nikapiga magoti na kipande cha kitenge, nikafuta reli yote, na pale kwenye kona nikakuta kiungo kimelegea. Nikakibana kwa koleo.

Nilipowasha, treni ilizunguka makochi bila kusita. Ikapita chini ya cherehani, ikatokea upande wa pili, ikapita tena. Niligeuka kumtazama mama mkwe. Alikuwa ameinama mbele, mikono juu ya magoti.

"Inakwenda vizuri," alisema.

Nilitaka kumwita mume wangu kwa simu aje asikie.

"Sasa moshi," akaongeza.

Nilikaa sakafuni, nikamwuliza kwa nini moshi. Ndipo akanieleza, na nadhani hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu marefu ya kwanza tangu niolewe. Alipokuwa msichana, mama yake alikuwa anauza kuku wa kukaanga stesheni. Wao hawakuwa na saa. Walikuwa wanatazama upande ule ambako treni hutokea, na moshi ukionekana juu ya miti, mama yake anatia kuku kwenye mafuta. Treni inapopiga breki, kuku wameiva. Wasichana wanakimbia na sinia kichwani kutoka dirisha hadi dirisha, wanapaza sauti, na abiria wananyoosha mikono.

"Moshi ndio ulikuwa unatuambia leo tutakula," alisema. "Kelele zilikuja baadaye."

Baada ya hapo sikuweza tena kuliona jambo lile kuwa ubishi wa mtu mzima.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni msusi, rafiki yangu tangu nifungue kazi hapa. Nilimwita, tukashauriana kama madaktari juu ya mgonjwa. Yeye alipendekeza ubani. "Weka kaa dogo la moto kwenye bomba la moshi, tia chembe ya ubani juu. Rahisi." Tukafanya hivyo. Moshi ulitoka, tena mzuri, mweupe na mzito. Sebule yote ikanukia Misa ya Pasaka, na rafiki yangu akapiga ishara ya msalaba wakati treni inampita. Tulikuwa bado tunacheka pale tuliposikia harufu nyingine. Bomba lilikuwa la plastiki. Lilikuwa linainama taratibu, kama mshumaa kwenye jua.

Mume wangu aliporudi alikishika kile kichwa, akakigeuza huku na huku. "Nani kamkata pua?"

"Wawili hao," mama mkwe alisema, akinyoosha kidole.

Ilibidi niwaze upya. Kinachotakiwa, nilijiambia, si moto. Ni joto dogo, mahali padogo, na kitu cha kufuka. Rafiki yangu alikuwa na draya iliyokufa saluni kwake. Tukaifungua, na ndani tukakuta ule waya mwembamba uliojikunja kama nywele za kipilipili, ambao huwa unaiva mwekundu. Nikakata kipande kifupi. Bomba jipya nilikata kutoka kwenye eriali ya redio mbovu. Lilikuwa na upana ule ule, na chuma hakiinami. Nikauzungushia ule waya utambi wa jiko la mafuta, nikautumbukiza ndani ya bomba. Risasi ya kulehemu haikukubali kushika waya ule, kwa hiyo niliusokota pamoja na nyaya nyembamba za shaba nikaziminya kwa koleo, kisha nikaziunganisha pale pale mota inapochukulia umeme wake. Plastiki iliyozunguka bomba niliivika karatasi ya fedha ya kufungia chakula, isiunguzwe tena.

Likabaki swali la mafuta. Ya taa mume wangu alikataa kabla sijamaliza sentensi. "Nyumba nimeijenga kwa miaka. Tafuta mengine." Nikajaribu ya kupikia. Moshi ulikuwa haba, na treni ikanuka kama kibanda cha chipsi. Rafiki yangu ndiye aliyekumbuka chupa ya mafuta ya watoto anayowapaka wateja kichwani baada ya kuwasuka. Nikatia matone machache. Nikazungusha kitufe polepole.

Mwanzoni hakuna kitu. Kisha kwenye mdomo wa bomba kukatokea uzi mweupe. Ukanyooka, ukarefuka, na treni iliposhika kasi, uzi ukalala nyuma juu ya mabehewa, hasa kama kwenye kile kitabu cha shule. Rafiki yangu alipiga kigelegele. Mama mkwe alikuwa chumbani amejinyoosha. Tukamsikia akiita:

"Nani kajifungua humu?"

Tulicheka mpaka nikashika ukuta. Alitoka akijikongoja kwa mkongojo wake, akasimama mlangoni, akaona. Alisogea mpaka kwenye kochi, akakaa, akaendelea kutazama, na mimi nikaona midomo yake inachezacheza kama ya mtu anayeongea na mwenzake aliye mbali.

Furaha hiyo ilidumu mpaka jioni. Kwa kutaka moshi mwingi nilizidisha mafuta, bomba likaanza kutema, na mafuta yakaenea juu ya reli. Magurudumu yakawa yanazunguka pale pale, treni haiendi popote. Mume wangu alilala kifudifudi kuitazama, bado na sare zake za kazini.

"Hili nalijua," alisema. "Ni mimi kwenye mteremko wa kreta, mvua imenyesha, nyuma nina wageni sita wanapiga picha."

"Mwageni mchanga," mama mkwe alisema. "Treni za kwetu zilikuwa zinajimwagia mchanga relini zikiteleza. Nimeona kwa macho yangu."

Mume wangu alishanyanyuka kwenda kuuchota. Nikamzuia. "Mama, ni kweli, lakini hii ni ndogo. Mchanga ukiingia kwenye gia zake, tumeizika."

Nilisubiri anikatalie. Alinitazama kidogo.

"Haya," alisema. "Wewe ndiye fundi."

Nilifuta reli yote kwa spiriti. Nikapunguza mafuta yawe matone matatu, basi. Ndani ya tumbo la kichwa nikapanga nati nzito za gari ili kikandamize reli vizuri. Halafu nikafanya kitu ambacho nadhani fundi mwingine asingekiwaza: nilikata kipande cha koti kuukuu la sufu, nikakishona kiwe kijimto kidogo, nikakifunga chini ya behewa la mwisho. Treni ikawa inajifutia reli yenyewe kila inapopita, kama mke anayedeki huku anatembea.

Wiki iliyofuata sala za jumuiya zilikuwa zamu ya nyumba yetu. Majirani walijaa sebuleni, wengine kwenye makochi, wengine kwenye mkeka. Reli sikuwahi kuitoa, kwa hiyo watu walisali wakiwa wamezungukwa nayo, na niliona macho kadhaa yakiisindikiza kona hadi kona wakati wa rozari. Sala zilipoisha, nikiwa naleta chai na sinia la maandazi, mama mkwe alisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Mkwe, iwashe watu waione."

Nikatia matone, nikawasha. Moshi ukapanda. Watu wakasema "Aaa!" kwa pamoja. Na mama mkwe, mtu wa maneno machache, alivuta pumzi, akapaza sauti nyembamba ya msichana:

"Kuku haooo! Kuku wa moto! Mayai hayooo! Dirishani, dirishani!"

Sebule nzima iligeuka kumtazama. Kisha kutoka kwenye mkeka, mzee mmoja wa Singida, aliyestaafu kazi za shamba la kahawa miaka mingi, alinyoosha mkono juu kama anayeutoa dirishani.

"Binti! Wewe binti mwenye sinia! Hapa behewa la tatu, upesi, inaondoka!"

"Nakuja baba, usivute breki!" mama mkwe alijibu, akachukua andazi kwenye sinia langu akamtupia. Mzee alilidaka. Watu waliangua kicheko, wanawake wakaanza kuitana kupitia madirisha ambayo hayakuwepo, wengine wakidai maji, wengine asali, na maandazi yangu yakaisha bila mtu kukaribishwa. Mume wangu alikuwa ameegemea mlango, akimtazama mama yake. Baadaye aliniambia kwamba hajawahi, tangu utoto wake wote, kusikia kwamba mama yake aliuza chochote stesheni.

Siku hizi mama mkwe hutia mafuta mwenyewe. Amejifunza kubana chupa kwa kidole gumba ili tone lisizidi, na nyuzi nikiziacha sakafuni hunigombeza kabla sijapiga pedali. Juzi alasiri, kazi zikiwa zimenirundikia hadi kwenye dirisha, aliniambia niache niketi naye kidogo. Nikaketi sakafuni, mgongo wangu kwenye kochi lake. Treni ilizunguka na moshi wake, polepole, yeye akinionyesha pale ambapo Saranda ingekuwa, na pale ambapo kilima huanza. Halafu umeme ukakatika. Treni ikasimama kati ya kochi na cherehani.

"Abiria washuke wanyooshe miguu," alisema, akanipa mkono nimwinue. Tukaenda zetu jikoni kubandika chai.