Fundi wa Jiwe la Kwanza

Mji mpya uliotakiwa kujengwa kwenye uwanja wa zamani wa ndege ulizinduliwa mara saba, na mara zote saba aliyejenga jiwe la msingi alikuwa mtu mmoja. Jina la kuzaliwa analo, na mama yake alikuwa akilitumia, lakini mtaani walimwita Fundi Msingi, naye akaitika mpaka akazoea. Kuna wakati alidhani ni sifa.

Uwanja wenyewe uko nje kidogo ya jiji. Ndege ya mwisho iliondoka pale zamani mno. Hata wazee wanaoapa kwamba waliiona hawakubaliani ilikuwa na rangi gani. Njia ya kurukia imepasuka na kuota majani. Mnara wa kuongozea ndege umechukuliwa na njiwa, ambao wanaruka na kutua bila kuongozwa na mtu. Karakana imebaki na nusu ya mabati yake, na nusu nyingine iko juu ya nyumba za watu, tena watu tunaosalimiana nao, kwa hiyo tuyaache.

Ofisi ya mradi ilikuwa kwenye ukumbi wa abiria. Kibao cha WANAOONDOKA bado kilining'inia juu ya mlango, na mizani ya mizigo ilikuwa inafanya kazi, kiasi kwamba wafanyakazi walijipimia uzito kila asubuhi kwa kukosa la kufanya. Katikati ya ukumbi, ndani ya sanduku la kioo, ulikuwepo mfano wa mji utakaojengwa: maghorofa ya kadibodi, miti ya sponji, na gari dogo jekundu kwenye barabara isiyo na shimo hata moja. Kioo kilikuwa na ufa pembeni, mende wakapitia hapo. Asije mtu akasema mji ule haukupata wakazi.

Mkubwa wa ofisi hiyo alikuwa mratibu, bwana mnene na mpole, ambaye kila mtu alimwita Mwezi Ujao. Ukimuuliza kazi inaanza lini, jibu lake lilikuwa hilo hilo. Usimwite mwongo. Mwongo anajua kwamba anadanganya. Mwezi Ujao aliamini kwa dhati, kila mwezi upya.

Na Fundi Msingi alikuwa kibarua wa kudumu wa ofisi hiyo. Ndiyo, kibarua, na ndiyo, wa kudumu. Mambo kama hayo yapo. Akija mheshimiwa wa kuzindua, Fundi alijenga nguzo fupi ya mawe ya kuchonga, kimo cha kiuno, na kupachika kibao cha marumaru chenye jina la mheshimiwa. Mheshimiwa alishika mwiko, akapaka udongo wa saruji kidogo mbele ya wapiga picha, akafutwa mkono kwa kitambaa, makofi. Fundi akaosha mwiko, akakunja uzi wake, akaenda nyumbani. Asubuhi hakukuwa na la kuendeleza.

Muda ukapita, mheshimiwa akabadilishwa, akaja mwingine na uzinduzi wake. Huyo mpya hakuweza kutumia jiwe la mwenzake, kama bwana harusi asivyoweza kuoa kwa pete ya mtu. Kulivunja la zamani nako, nani angethubutu? Leo mtu hana cheo, kesho amerudi na cheo kikubwa zaidi, na jambo la kwanza anauliza jiwe langu liko wapi. Kwa hiyo mawe yaliachwa, yakafunikwa turubai siku ya sherehe, na jipya likajengwa pembeni. Fundi Msingi, mtu asiyeweza kuvumilia kitu kilichopinda, aliyapanga kwenye mstari ulionyooka, yote yakitazama upande mmoja.

Nyumbani alikuwa amepanga vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya shule. Mkewe alikuwa mshona sare, na cherehani yake ilikuwa imezunguka pembe zote za chumba ikilikimbia paa linalovuja. Mvua ikinyesha, mama huyo alishona amejifunika nailoni kichwani, mguu kwenye pedali na maneno mdomoni. Kiwanja chao walikuwa nacho, tena chenye msingi uliokwisha jengwa. Msingi huo aliujenga Fundi mwenyewe mwaka ambao mtoto wao wa kwanza alianza shule. Sasa mtoto huyo ana wa kwake anayesoma.

Ujenzi ulikwama kwa sababu ya Mwezi Ujao. "Wewe ndiye fundi wetu mkuu," alimwambia. "Usitawanye nguvu zako. Mji ukianza, utajenga mpaka useme basi." Fundi akakataa kazi za watu, na hata kazi yake mwenyewe akaiweka kando, maana mtu huwezi kuwa fundi mkuu wa mji mzima halafu ukakutwa unaziba choo cha jirani. Waswahili wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta, wakidhani wanamtisha mtu. Fundi Msingi akiisikia methali hiyo alishusha pumzi kwa tamaa. Ukuta! Mikono yake haikupandisha ukuta tangu kichwa chake kikiwa na nywele nyeusi.

"Subira yavuta heri," alimwambia mkewe.

"Yako imevuta majani," mkewe alijibu. "Nenda kiwanjani ukaone. Mbuzi wa watu wananenepa ndani ya msingi wetu."

Akiwa na amani, mkewe alimwita Baba Watoto. Jioni moja, maji yakidondoka kwenye sufuria tatu kwa sauti tatu tofauti, alimwita Fundi. Naye akajua limemfika.

"Fundi, huyo mgeni wenu anakuja lini?"

"Alhamisi. Safari hii ni mwekezaji kweli, mama. Hazindui kitu. Anatazama, anatia saini, kazi inaanza."

"Vizuri. Akitia saini, nakaa. Asipotia, nachukua cherehani yangu naenda kwa dada. Na sikuachi, usije ukaenda kuwalilia mashemeji. Nakaa kwa dada mpaka siku utakayoniita nije kuona ukuta wa nyumba yangu. Hata mmoja."

"Mmoja tu?"

"Mmoja nitauegemea. Nimechoka kuegemea ahadi."

Fundi Msingi hakulala vizuri. Alimpenda mke huyo, na alimwogopa vya kutosha, na alijua kwamba hana mchezo kwenye neno lake. Saini ya mgeni sasa ilikuwa saini ya ndoa yake.

Siku iliyofuata Mwezi Ujao akamwita, amekwisha vaa tai ya wageni siku mbili kabla ya mgeni. "Fundi, safari hii hakuna mahema wala turubai. Mawe yetu yaonekane. Mgeni ajue mradi huu una historia. Pasafishe pale, papendeze."

Papendeze! Hilo ndilo neno lililotuponza. Fundi Msingi alijitosa kazini kama mtu anayepamba chumba cha mwanawe wa pekee. Aling'oa majani. Kila jiwe alilizungushia ukingo wa matofali, urefu kiasi cha kitanda, ili maua yapate nafasi. Ndani ya ukingo akamwaga kokoto nyeupe, akapanda maua, na matofali akayapaka chokaa. Vibao vya marumaru alivisugua mpaka majina ya waheshimiwa yakasomeka kutoka barabarani. Mwendesha baiskeli aliyekuwa anapita alipunguza mwendo na kuvua kofia. Fundi akadhani anasalimiwa, akampungia mkono.

Alhamisi gari likaingia. Mwekezaji alikuwa mama wa makamo, mkimya, mwenye viatu vya kutembelea na macho ya mtu anayejua anachokitafuta. Alipofika kwenye mawe alivua miwani, akakunja mikono mbele, akainamisha kichwa. Fundi Msingi, aliyejibanza nyuma ya pipa la chokaa, aliona jinsi mgeni alivyoguswa, na moyo wake ukaanza kupandisha kuta.

"Hawa ni kina nani?" mgeni aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hao ni waheshimiwa waliouanza mradi huu, mama," Mwezi Ujao alisema kwa fahari. "Kila mmoja kwa wakati wake."

"Wote saba?"

"Wote saba. Huo ndio utaratibu wetu. Yeyote anayekuja kuuanza, tunamwekea la kwake. Fundi wetu ni hodari sana, huchukua siku moja tu." Kisha akanyoosha mkono kuelekea mwisho wa mstari, ambapo Fundi alikuwa ameshasawazisha udongo. "La kwako, mama, tumeshalitengea nafasi. Pale."

Mgeni alipatazama pale. Akazitazama kokoto nyeupe, akayatazama maua, akamtazama Fundi Msingi aliyekuwa anachungulia nyuma ya pipa na sepetu mkononi, akimtabasamia kwa meno yote. Mama wa watu akarudi kwenye gari kinyumenyume. Alipokwisha funga mlango ndipo alipoteremsha kioo kidogo. "Poleni sana," alisema, na gari likaondoka kwa kasi ambayo njia ile haikuiona tangu enzi za ndege.

Jioni ikaja simu. Mwezi Ujao aliipokea amesimama, akaikata amekaa. "Anasema kwao hawajengi juu ya wafu," alimwambia Fundi. "Nimemwapia kwamba hakuna hata mmoja aliyekufa. Akaniuliza, sasa mbona mmewazika?"

Fundi Msingi alienda nyumbani kwa njia ndefu. Alipomsimulia mkewe, mkewe alianza kucheka. Alicheka mpaka akaacha pedali, akacheka mpaka jirani akagonga ukuta, akafuta machozi kwa kipande cha sare, akamwambia arudie pale pa pipa la chokaa. Fundi alirudia, naye akaanza kucheka, na kwa muda kidogo walikuwa vijana. Akafikiri ameponea hapo. Mkewe akanyamaza, akakunja kitambaa, akafungua kichwa cha cherehani kutoka mezani na kukivika shuka.

"Umenichekesha, Mungu akubariki," alisema. "Lakini neno ni neno." Asubuhi akaenda kwa dada yake.

Ofisini nako kulikuwa kumechafuka. Amri ikaja kutoka juu: mawe yaondolewe, mgeni aambiwe hayapo tena. Amri hiyo ilitolewa kwa mdomo tu, maana hakuna aliyetaka kuonekana amebomoa waheshimiwa saba kwa mpigo. Mwezi Ujao alimvuta Fundi kando, karibu na mizani. "Vibao vya majina viweke stoo, tena kwa heshima, wenyewe wako hai. Mawe yapeleke popote. Usiniambie wapi."

Mgeni akaambiwa kwamba pako peupe sasa. Akapiga kelele kwenye simu: "Mmewafukua?" Na mradi ukaishia hapo, hata Mwezi Ujao hakuutaja mwezi.

Fundi Msingi alibomoa kwa mikono yake kazi zake zote, jiwe kwa jiwe. Alidhani atalia, na kweli alilia kidogo alipofika kwenye lile la tatu, ambalo lilikuwa zuri kuliko mengine. Yalipokuwa rundo, mwenye mkokoteni akamuuliza yaende wapi. Fundi akafikiri. Duniani alikuwa na sehemu moja tu ya kupeleka mawe.

Mwenye mkokoteni alikuwa mtu wa watu, na mdomo wake ulikwenda kasi kuliko magurudumu yake. Kesho yake mshona sare, akiwa kwa dada, akaambiwa na mteja kwamba mumewe amehamishia makaburi ya uwanja wa ndege kiwanjani kwao. Alitoka na pini bado ziko kwenye gauni, akatembea mtaa mzima akiyapanga maneno atakayosema.

Alipofika, maneno yalimwishia. Mbuzi walikuwa wamefukuzwa. Majani yalikuwa yamefyekwa, na msingi ulionekana wote, vyumba vyake vitatu na baraza, umenyooka vile vile kama siku ulipojengwa, hauna hata ufa. Fundi Msingi alikuwa kwenye pembe, amefunga uzi, ameinama juu ya jiwe la kwanza. Hakumwona. Alilisogeza, akalipima kwa timazi, akaligonga polepole kwa mpini wa mwiko, akalitazama kwa jicho moja, akaligonga tena. Likakaa sawasawa.

Kisha akasimama, akauosha mwiko kwenye ndoo, akaukausha. Akakunja uzi. Akajifuta mikono kwa suruali, akasogea pembeni, akasimama wima akiitazama barabara, mikono nyuma.

"Baba Watoto," mkewe aliita. "Unamngoja nani?"

Fundi aligeuka. Akamtazama mkewe, akaitazama barabara ambayo haikuwa na gari wala mheshimiwa, akautazama uzi uliokunjwa mkononi mwake. Aibu ilimshika mpaka masikioni.

Mkewe alichomoa pini kwenye gauni, akazichomeka kwenye kilemba zisipotee, akajifunga kibwebwe. Akainama kwenye rundo, akachagua jiwe, akalinyanyua kwa mikono miwili mpaka tumboni.

"Shika," alisema, "hili la pili."