Mama mdogo amewafungulia kunguru

Nimeuliza nyumba nzima ni nani amefungua mtego wetu wa kunguru. Kumbe ni mama mdogo!

Hadi sasa siwezi kukaa kitako.

Mtego wenyewe ni tundu kubwa la waya, tumeliweka juu ya paa hapa Shela. Ndani tunamwacha kunguru mmoja, na maji na vichwa vya samaki, awavute wenzake. Hawa si ndege wa hapa, waliletwa na meli, na wanatumalizia makinda ya ndege wetu.

Jana jioni walikuwa wamejaa tele. Leo asubuhi napanda: tundu tupu, mlango wazi.

Nashuka nauliza wote, napanda tena: mama mdogo yuko pale juu kwenye mwasumini wake, anachuma asumini, uso umemkunjuka.

"Nimewafungulia, mwanangu. Viumbe wa Mungu, juani vile! Nimewaonea imani."

Na ni huyu huyu aliyetukataza kuugusa mwasumini wake wiki nzima, kwa kuwa ndege chozi kajenga kiota humo na makinda yameshaanguliwa!

Nikafungua mdomo nigombe. Sikuwahi.

Kunguru wawili wakashuka kwenye mwasumini mbele ya macho yetu. Tumepiga kelele, nimerusha kandambili zote mbili. Kiota kikachanika kama karatasi, makinda yakabebwa.

Tangu hapo natembea tu huku na huku juu ya paa. Jamani, nyinyi mngemwambia nini?

Yeye ndiye aliyekuja, asumini bado mkononi, akaniuliza polepole:

"Mlango ule wafungwaje?"